Askari wa damu wakipunguka: NFS inaonyesha nini kwa mgonjwa wa Covid?
Huku Kolwezi, vumbi ya migodi ndiyo inasingiziwa kila kikohozi. Lakini tangu Covid-19 ifike Congo, Machi 2020, waganga wanaangalia pia NFS, kipimo cha damu ambacho labo nyingi wanakifanya. Kinahesabu limfositi, askari wa mwili wanaopigana na virusi. Mtu mzima anakuwa nazo karibu 1,000 hadi 4,000 kwa mm³ moja. Kwa mgonjwa wa Covid, zikishuka chini ya 1,000 na kuzidi kushuka, huku neutrofili zinapanda, hatari ya kukosa pumzi ni kubwa. Ila malaria na sida nazo zinazishusha, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Anayehema mbio asingojee majibu ya labo: apimwe oksijeni kwanza.