Kupisha na Kurejea: Makazi ya Muda ya Wapangaji wa Soweto Mashariki na Magomeni Kota

Kitenzi kupisha kina ukarimu ndani yake. Anayempisha mwenzake njiani husogea kando, mwenzake akapita, kisha naye akarejea njiani. Kitenzi hicho kilipoingia katika lugha ya miradi ya makazi, sehemu ya kurejea ndiyo iliyolegea.

Tarehe 16 Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walianza kuhamishiwa Lang'ata ili vibanda vyao vibomolewe na nafasi yake ijengwe upya, chini ya mpango wa kuboresha makazi duni ulioendeshwa na serikali ya Kenya kwa ushirikiano na UN-HABITAT. Walipewa nyumba 600 za vyumba vitatu. Kwa kawaida kila kaya ilipata chumba kimoja, huku jiko na choo vikitumiwa kwa pamoja na majirani ambao hawakuchaguana.

Nyaraka za mradi ziliyaita makazi hayo kwa istilahi ya Kiingereza ambayo asili yake ni kumimina kinywaji kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kinywaji hakiulizi kitamiminwa tena lini, wapangaji waliuliza. Ucheleweshaji haukutokana na mafundi. Ardhi ya Kibera ni ya serikali, vibanda vina wamiliki wake, na wengi wa wakazi ni wapangaji. Wamiliki walikwenda mahakamani, na ubomoaji ukasimama. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi Machi 2012. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyepelekwa Lang'ata akiwa amebebwa mgongoni alikuwa tayari mwanafunzi.

Hata hivyo, Soweto Mashariki ilikuwa na mahali pa kusubiri. Magomeni Kota, Dar es Salaam, haikuwa napo. Kaya 644 zilizopisha ujenzi mwanzoni mwa muongo wa 2010 hazikujengewa makazi ya muda. Zilitawanyika mitaani, kila moja ikijitafutia pa kupanga, na kiwanja kikabaki kitupu kwa miaka kadhaa. Kilichowaunganisha watu hao ni orodha. Idadi yenyewe iligeuka jina: magazeti na viongozi waliwataja kama "wakazi 644", na kwa jina hilo waliendelea kudai, jambo ambalo mpangaji mmojammoja asingeliweza kirahisi.

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza nyumba zijengwe, akaahidi kwamba wakazi hao wangeishi humo miaka 5 bila kodi kabla ya kuuziwa. Hapo ndipo kurejea kulipotajwa waziwazi, pamoja na masharti yake, ingawa wakati huo wenye haki walikwisha kulipa kodi za watu wengine kwa miaka mingi. Nyumba 656 zilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Machi 2022. Mtoa ahadi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Orodha ya kaya 644 ilikuwapo bado.