Maambukizi ya koo hubagua umri, si jinsia

Si kila koo linalouma limevamiwa na bakteria. Visa vingi husababishwa na virusi. Hata hivyo, kati ya kila watoto 100 wenye maumivu ya koo, 20 hadi 30 huwa wameambukizwa bakteria aina ya streptokokasi ya kundi A. Kwa watu wazima idadi hiyo ni 5 hadi 15 tu.

Wanaoathirika zaidi ni wa umri wa miaka 5 hadi 15, rika ambalo hushinda likibanana madarasani na mabwenini. Chini ya miaka 3 maradhi haya ni nadra. Ukubwani nayo hupungua, ingawa mzazi au mwalimu anayeshinda na watoto huambukizwa kwa wepesi zaidi.

Wavulana na wasichana huugua takriban sawa. Tofauti hujitokeza baadaye. Koo lisipotibiwa, baadhi ya watoto hupatwa na homa ya baridi yabisi baada ya wiki 2 hadi 4 hivi, nayo yaweza kuharibu vali za moyo. Madhara hayo ya moyo huonekana zaidi kwa wanawake, na wengine hawajui kamwe kwamba wanayo hadi wapatapo mimba, moyo unapolazimika kusukuma damu nyingi kuliko kawaida.

Penisilini ikianza kutumiwa kabla ya siku 9 kupita tangu koo lianze kuuma, huweza kuizuia homa hiyo. Vidonge humezwa kwa siku 10. Tatizo ni kwamba mtoto hupata nafuu mapema, na vidonge vilivyosalia huishia kabatini.