Asiyekuwapo na Lake Halipo

Msomaji mpenzi, usikiapo watu wakisema, "Serikali imekata shauri," huenda ukadhani kwamba serikali ni mtu mmoja aliyeketi chumbani peke yake, akafikiri, kisha akatia sahihi. Sivyo ilivyo. Shauri la serikali hufanana na kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Wenye mali huvuta upande wao, makarani na wakubwa wa ofisi upande wao, na wajumbe wa baraza upande wao. Ukitaka kulijua shauri lolote, huna budi kuifumua kamba hiyo uzi baada ya uzi. Hebu tujaribu kufanya hivyo kwa waraka mmoja uliotolewa London katika mwezi wa Julai, mwaka wa 1923, ambao ulihusu nchi yetu ya Kenya.

Kwanza tuwajue walioshindana. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1921 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na Wazungu 9,651, Wahindi 22,822 na Waarabu 10,102. Waafrika walikisiwa kuwa 2,500,000. Ungetazamia kwamba wengi ndio wangekuwa na sauti kubwa, lakini mambo yalikuwa kinyume. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa limeanza kukutana mwaka wa 1907, na mwaka wa 1920 walowezi wa Kizungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe 11. Mwafrika hakuwa na kiti hata kimoja.

Walowezi, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha kupata mengi. Sheria ya mwaka wa 1915 iliwaruhusu kukodi mashamba kwa miaka 999, nazo nyanda za juu zilikuwa zimetengwa kwa ajili yao. Hata hivyo hawakutosheka. Walitaka kujitawala wenyewe, kama wenzao wa Rhodesia Kusini waliokuwa karibu kuipata haki hiyo. Wahindi nao, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwamo tajiri A. M. Jeevanjee, walidai orodha moja ya wapiga kura kwa watu wote waliotimiza masharti, ruhusa ya kununua ardhi katika nyanda za juu, na kukomeshwa kwa ubaguzi wa makao mijini.

Na Waafrika je? Wao walikuwa na kipande shingoni, kodi ya nyumba, na ujira uliopunguzwa. Harry Thuku aliposimama kuyasema hayo mbele ya watu, alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni 21. Wengine walisema ni zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu pasipo kushtakiwa mahakamani. Kwa hiyo, wakati wengine walipokuwa wakitoa hoja zao katika baraza, hoja ya Mwafrika ilijibiwa barabarani.

Sasa tuvuke bahari mpaka London, kwa maana huko ndiko amri zilikotoka. Usidhani kwamba huko palikuwa na nia moja. Wizara ya Makoloni ilikuwa ikiwasikiliza walowezi, ambao wengi wao walikuwa na jamaa na marafiki katika Bunge la Uingereza. Wizara ya India, kwa upande wake, ilikuwa na hofu. India ilikuwa imechafuka kwa harakati za Gandhi, na kuwadharau Wahindi wa Kenya kungeongeza kuni motoni. Wizara mbili za serikali moja zikawa zinavutana. Mwaka wa 1922 mawaziri wadogo wa wizara hizo, Edward Wood na Earl Winterton, walipatana wakapendekeza orodha moja ya wapiga kura, ila kwa masharti ambayo yangempa kura kama Mhindi mmoja katika kila kumi.

Habari hizo zilipofika Nairobi, walowezi waliwaka hasira. Baadhi yao waliunda kamati, wakapanga kwa siri kumteka Gavana na kuzishika reli na simu. Tazama jambo hili la ajabu: mwaka mmoja tu uliopita Waafrika walipigwa risasi kwa kuomba kiongozi wao afunguliwe, walowezi waliopanga kumteka Gavana waliitwa London kwa mazungumzo! Gavana Robert Coryndon alikwenda, Delamere na wenzake walikwenda, na wajumbe wa Wahindi walikwenda pia. Mwafrika hakualikwa.

Hapo ndipo uzi mwingine ulipoingia katika kamba. Wamisionari, hasa J. H. Oldham aliyekuwa na sauti katika ofisi za London, waliishauri Wizara ya Makoloni itamke kwamba Uingereza ina dhamana juu ya Waafrika, na kwamba dhamana hiyo haiwezi kugawanywa na mtu yeyote. Yamkini Oldham alisema hayo kwa moyo safi. Lakini angalia jinsi hoja hiyo ilivyoifaa ofisi. Kwayo wizara iliweza kuwanyima walowezi kujitawala, ikaweza kuwanyima Wahindi usawa, na mamlaka yote yakabaki mikononi mwake. Ofisi hupenda sana hoja njema ambayo pia inaiondolea taabu.

Basi waraka ukatolewa kwa jina la Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire. Jina lake lilisema kwamba unahusu Wahindi katika Kenya, lakini maneno yake mashuhuri yalikuwa juu ya Waafrika: kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika, na kwamba maslahi ya wenyeji yakigongana na ya wageni, ya wenyeji ndiyo yatakayotangulia. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Safari hii tembo walipogombana, mwamuzi alitamka kwamba uwanja ni wa nyasi.

Lakini, msomaji, usiyatazame maneno peke yake. Hesabu na viti pia. Wazungu walibakiwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa. Wahindi walipewa 5, Waarabu 1, na mmisionari mmoja akateuliwa kusema kwa niaba ya Waafrika. Nyanda za juu zilibaki mali ya Wazungu. Katika maneno Mwafrika alikuwa wa kwanza. Katika viti hakuwapo kabisa.

Tofauti hiyo ilikuja kuonekana wazi huko Kakamega. Mwaka wa 1930 ilipitishwa sheria ya kuyalinda maeneo ya wenyeji. Ilisema kwamba kipande cha ardhi kikitolewa katika eneo hilo, lazima kiongezwe kingine cha thamani sawa, na wenyeji waulizwe kwanza. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega. Desemba 1932 Baraza la Kutunga Sheria liliirekebisha sheria ile: fidia ingeweza kuwa fedha, na si lazima wenyeji waulizwe. Ahadi ya miaka miwili iliyeyuka kwa kura za watu ambao hawakuwa na shamba Kakamega. Asiyekuwapo na lake halipo.

Je, waraka ule ulikuwa bure? La. Ahadi ni deni, na Waafrika walijifunza kuidai. Vyama vyao viliwakumbusha watawala maneno yao wenyewe katika maombi yaliyopelekwa London, na walowezi hawakupata kamwe kujitawala. Ila deni hulipwa upesi zaidi mdai akiwamo chumbani. Eliud Mathu aliingia barazani mwaka wa 1944, akiwa Mwafrika wa kwanza. Mwaka wa 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao 8, na tarehe 12 Desemba, 1963, nchi ikawa huru.

Leo Katiba ya mwaka wa 2010 inaagiza kwamba wananchi washirikishwe kabla Bunge halijapitisha sheria. Hiyo ni haki kubwa, lakini kiti kisichokaliwa hakisemi. Basi utakaposoma tangazo la serikali, jiulize: Nani aliyeliomba? Nani aliyeliandika? Nani alikuwa na kiti lilipopitishwa? Na nani atakayelitekeleza? Ukipata majibu ya maswali hayo manne, utakuwa umeifumua kamba. Kisha jiulize la tano, ambalo ni lako peke yako: Mimi nilikuwa wapi?