Mablanketi ya Hoover: namna njaa ya Marekani ilivyopewa jina la mtu mmoja



Juzi tulikuwa tunabishana, na mmoja wetu akakata maneno: rais ndiye anakalia kiti, basi njaa ikiingia inchini ni ya kwake, hakuna kuzunguka. Mimi nilinyamaza, juu sikuwa na jibu tayari. Mimi ni mtu wa kilimo, historia naisoma kwa mapenzi tu. Lakini wakati natafuta habari za bei ya ngano kwa kazi yangu ya mwisho ya lisansi nilikutana na Herbert Hoover, na tangu siku ile hajanitoka kichwani.

Hoover alikuwa mtoto wa Iowa, yatima, aliyekuja kuwa injinia wa migodi. Mwaka 1914, Wajerumani walipoikalia Ubelgiji (ndiyo, Ubelgiji ule ule uliokuwa unatutawala siye), yeye njo alipanga meli za chakula, na mamilioni ya watu wakala. Jina lake likawa jina la mkate. Mwaka 1920 Franklin Roosevelt, mtu wa chama cha Demokrati, alitamani Hoover awe rais. Kumbe Hoover alikuwa Republican. Aliingia Ikulu Machi 1929, na Oktoba ya mwaka ule ule soko la hisa la New York likaanguka.

Sasa angalieni siasa ilivyofanya kazi. Mwaka ule ule wa 1929, Demokrati walifungua ofisi ya kudumu ya kusambaza habari za chama, wakamweka ndani Charles Michelson, mwandishi wa magazeti. Kazi yake: kuandika maneno, kiisha kuyatia katika vinywa vya maseneta na wabunge. Msomaji wa gazeti alidhani seneta wake amekasirika mwenyewe. Kwa miaka mitatu Hoover hakupumzika. Vijiji vya mabanzi na mabati vya watu waliopoteza nyumba viliitwa Hooverville. Gazeti kuukuu la kujifunika usiku liliitwa blanketi la Hoover. Mfuko mtupu uliogeuzwa nje ukawa bendera ya Hoover, na gari lisilo na mafuta linalovutwa na punda, gari la Hoover. Lazima nikiri, nilicheka. Mtu anayelala na gazeti haitaji kueleza uchumi, anataja jina moja tu na kila mtu ameelewa.

Lakini je, ukosoaji ule ulikuwa wa kweli? Hapa njo nataka tukae kidogo.

Kusema Hoover alikaa mikono mitupu ni uongo. Juni 1929, kabla ya mporomoko, alitia sahihi sheria iliyoanzisha baraza la kilimo lenye mfuko wa dola milioni 500. Baraza lilinunua ngano na pamba ili bei isianguke. Mtu wa kilimo anaona kosa mara moja: ukinunua mavuno bila kupunguza eneo linalolimwa, mkulima anaongeza shamba, na ghala linajaa hadi bei inaanguka juu yako. Busheli moja ya ngano, karibu kilo 27, iliuzwa kama dola moja mwaka 1929. Mwaka 1932 haikufika senti 40. Mwaka 1931 baraza liliwaomba magavana wa majimbo ya pamba kwamba wakulima wafukie mstari mmoja kati ya kila mitatu. Watu waliwacheka. Mwaka 1933 Demokrati wakiwa madarakani, wakulima walilipwa kufukia pamba iliyokuwa tayari shambani.

Kuna shutuma zingine ambazo siwezi kumtetea. Juni 1930 alitia sahihi sheria ya Smoot na Hawley iliyopandisha ushuru wa dwani kwa bidhaa nyingi za kigeni, wakati wanauchumi zaidi ya 1,000 walikuwa wamemwandikia wakimsihi aikatae. Kanada na inchi zingine zikalipiza. Mkulima wa ngano, anayeishi kwa kuuza nje, ndiye alifungiwa soko. (Demokrati walipiga kelele sana juu ya sheria ile, hawakupenda kukumbusha kwamba ilipita katika Seneti kwa kura 44 dhidi ya 42, na kati ya hizo 44, tano zilikuwa za Demokrati.)

Kiisha kulikuja ukame wa 1930. Hoover alikubali serikali ikopeshe wakulima pesa za mbegu na za chakula cha wanyama. Chakula cha watu, hapana: hicho aliona ni kazi ya Msalaba Mwekundu na ya majirani, aliogopa watu watazoea kulishwa na serikali. Wapinzani wakauliza: punda ale, mtoto asile? Januari 1931, katika mji mdogo wa Arkansas unaoitwa England, wakulima mia kadhaa waliingia mjini kudai chakula, juu fomu za Msalaba Mwekundu zilikuwa zimekwisha. Fomu! Mtu aliyelisha Ubelgiji mzima. Swali lile lilikuwa la kichama, lilitungwa ili limwumize, na lilikuwa swali sahihi. Njo pale mimi nilishindwa kumjibu yule ndugu.

Julai 1932 jeshi liliwafukuza kwa moto na gesi ya machozi askari wazee wa vita waliopiga kambi Washington wakidai malipo yao. Baada ya picha zile Michelson hakuwa na mengi ya kuongeza. Novemba, Hoover alishinda majimbo sita tu, Roosevelt 42.

Na katika kampeni ile Roosevelt alimshutumu Hoover kwa nini? Kwa kutumia pesa nyingi mno. Chama chake kiliahidi kupunguza matumizi ya serikali kwa robo. Yaani mtu yule yule alikuwa bahili kwa wenye njaa na mfujaji kwa walipa kodi, kulingana na nani anasikiliza siku ile. Alipoingia, Roosevelt alitumia zaidi.

Huku kwetu, bei ya shaba ilianguka miaka ile ile, na Union Minière ikafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Katanga. Walirudi vijijini bila jina la kumpachika mtu wa Washington.

Mwaka 1946, dunia ikiwa na njaa baada ya vita, Rais Truman, Demokrati, alimwita Hoover mzee azunguke inchi kwa inchi kupima upungufu wa chakula. Alizunguka. Mwaka 1948, Truman akitafuta kura, alisimama jukwaani na kumtaja tena Hoover, kwa ubaya.