SEHEMU YA 7: Wimbo "namba moja", nani alihesabu?

Leo uji wa lishe tunauweka pembeni kidogo, turudi kwenye historia ya mji wetu.

Wazee wakianza ubishi wa muziki, wa Sikinde atakwambia Mlimani Park ndiyo iliyouza kuliko zote miaka ya themanini. Wa Msondo naye atakataa katakata. Ubishi huo hauishi, kwa sababu mauzo yenyewe hayakuwa yakihesabiwa.

Angalieni mambo yalivyokuwa. Bendi ilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, tepu zikabaki hapo redioni, nyimbo zikapigwa hewani. Santuri zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Sasa mwanamuziki aliyekaa Ilala angejuaje santuri zake ngapi zimeuzwa huko? Alisubiri kuambiwa.

Kisha zikaja kaseti. Kariakoo kulikuwa na maduka ya kurekodisha: unapeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo unazotaka, unalipa, kesho unachukua. Yale yalikuwa mauzo kabisa jamani, ila hayakuandikwa popote na mwenye wimbo hakupata hata senti. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyoleta COSOTA, ilipitishwa 1999.

Hata baada ya hapo, msanii alipeleka kazi kwa msambazaji, akapewa hela ya mkupuo, au akaahidiwa kiasi kwa kila kaseti. Na kaseti alizihesabu nani? Huyo huyo anayetakiwa kulipa! Stempu za TRA kwenye kazi za muziki zilianza 2013, wakati vijana wa Kariakoo walishakuwa wanatuingizia nyimbo kwenye memori kadi.

Basi ile "namba moja" ilitoka wapi? Ilitoka kwenye maombi ya wasikilizaji redioni, na maneno ya wenye maduka. Hayo yanaonyesha wimbo ulipendwa. Hayaonyeshi umeuza kiasi gani.

Msidhani ni sisi peke yetu. Uingereza, orodha ya kwanza ya nyimbo zilizouza sana ilitoka Novemba 1952, na gazeti la New Musical Express liliipata kwa kupigia simu maduka kama 20 hivi. Marekani, mpaka 1991 jarida la Billboard lilitegemea taarifa za wauzaji wa madukani. Mashine za kaunta zilipoanza kuhesabu, rap na muziki wa country vikapanda ghafla. Watu walikuwa wakivinunua siku zote, ila wauzaji hawakuviripoti inavyostahili.

Mimi kama nesi hili linanigusa. Kliniki, kila mtoto akichanjwa anaandikwa kwenye daftari la MTUHA. Mwisho wa mwezi nikisema tu "naona walikuja kama mia mbili", chanjo zitaagizwa kwa kukisia, na mtoto wako anaweza kukuta zimeisha. Kwa wanamuziki ndivyo ilivyokuwa, walilipwa kwa kukisia. Mtu ambaye sauti yake imekulea anazeeka hana hesabu ya kwenda kudai, na watoto wake hawana cha kurithi.

Leo tuna YouTube. Kule kinachohesabiwa ni video kutazamwa, siyo idadi ya watu. Mwanao akirudia wimbo ule ule wa katuni tangu asubuhi, namba inapanda na mtoto ni mmoja.

Kwa hiyo mkutane na namba yoyote, ulizeni: Nani kahesabu? Kahesabu nini? Anafaidika nini namba ikiwa kubwa, au ikiwa ndogo? Mulize hivyo hivyo mkiona tangazo la dawa ya kuongeza maziwa, eti "mama 10,000 wameitumia".

Kazi ya wiki hii: mwombeni bibi au babu awaonyeshe kaseti za zamani. Je, zina kava la kuchapwa, au majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu? Za kalamu ndizo zile ambazo hazikuhesabiwa. Niandikieni hapo chini mmekuta ngapi za kila aina.

Sehemu ya 8 Jumapili, inshallah.