Songwe Katika Ruta ya Matangazo

Kata ya Ikinga iko wilayani Ileje, mkoani Songwe, upande ambao Tanzania inapakana na Malawi. Tunduma iko katika mkoa huohuo, ikitazamana na Nakonde ya Zambia. Anayeandika historia ya utangazaji nchini kwa kawaida huanzia studio za Dar es Salaam, akataja watangazaji waliovuma, kisha akahesabu minara na mikoa inayosikia. Hesabu hiyo ina haki yake, lakini inaficha jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi. Tangu matangazo yaanze, sehemu kama Ikinga na Tunduma zimeandikwa upande mmoja tu wa jedwali: upande wa kupelekewa. Upande wa kutoa hazimo. Na jambo hilo haliamuliwi na mnara wala na mtangazaji. Linaamuliwa katikati ya kituo, kwenye mtambo ambao msikilizaji hauoni na ambao hata viongozi wengi wa vyombo vya habari huwaachia mainjinia peke yao: ruta ya matangazo.

Kazi ya ruta inaelezeka kwa maneno machache. Upande mmoja ina milango ya kuingilia, ambako huletwa kamera, studio, setilaiti, laini za mikoani na mashine za kurekodi. Upande wa pili ina milango ya kutokea, inayoelekea kwenye mitambo ya kurushia, kwenye televisheni za kukagulia na kwenye kumbukumbu. Ruta yenye milango 16 kwa 16 ina makutano 256. Ya 128 kwa 128 ina makutano 16,384. Chanzo kimoja kinaweza kupelekwa kwenye milango yote ya kutokea kwa wakati mmoja bila kupungukiwa na kitu, lakini mlango wa kutokea hupokea chanzo kimoja tu kwa wakati. Sheria hiyo ndogo ina uzito mkubwa. Kila dakika, kwa kila mtambo wa kurushia, mtu ameamua nani asikike, na waliobaki wote wakanyamazishwa.

Uwezo huo ulijulikana kabla redio haijazaliwa. Almon Strowger, mzika maiti wa Marekani, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891, na husimuliwa kwamba alisukumwa na shaka kuwa mpokeaji simu wa mjini kwake alikuwa akiwaelekeza wateja wake kwa mshindani. Iwe shaka hiyo ilikuwa ya kweli au la, swichi alizobuni zilienea duniani kwa sababu watu walielewa upesi kwamba anayeshika maunganisho anashika biashara. Zanzibar ilijifunza jambo hilo kwa namna kali zaidi Januari 1964, pale sauti ya kiongozi wa mapinduzi John Okello ilipotoka kwenye redio ya Unguja na kuwatangazia watu kwamba serikali imebadilika. Studio ilikuwa ileile na mtambo uleule; kilichobadilika ni sauti iliyoingizwa.

Upande wa bara, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) chini ya serikali. Mipakani kusini magharibi hewa haikuwa tupu wakati huo. Lusaka ilikuwa ikitangaza kwa lugha za Kiafrika tangu miaka ya vita vya pili vya dunia, na mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ilitoa redio ya betri iliyoitwa Saucepan Special kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa hiyo lawama inayorudiwa kila mara, kwamba wananchi wa mpakani wanasikiliza redio za jirani, ina umri mrefu kuliko shirika linalolaumiwa. RTD iliijibu kwa nguvu za mitambo: masafa ya kati, ambayo usiku husafiri mbali kwa kuakisiwa na tabaka za juu za anga, na masafa mafupi yaliyovuka nchi nzima. Zilikuwa teknolojia nzuri, na milima ya Ileje haikuzizuia sana. Lakini zote zilikuwa za njia moja. Redio iliyopo Ikinga ingeweza kuipokea Dar es Salaam. Dar es Salaam haikuwa na chombo cha kuipokea Ikinga. Habari ya huko ilipanda kwa barua, kwa simu au kwa kanda iliyosafirishwa kwa gari, ikafika ikiwa imepoa, ikasomwa na mtu mwingine.

Hapa watetezi wa mfumo ule wana hoja ya kweli. Taifa changa lilihitaji sauti moja, na sauti moja ilizaa matunda. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, wakajadili malaria na vyoo kwa kufuata kipindi kilekile kwa wiki kumi na mbili. Hakuna mpangilio wa vituo vilivyotawanyika ungeweza kufanya hivyo kwa fedha zile. Sibishani na hilo. Ninachokataa ni kugeuza mafanikio hayo kuwa ushahidi kwamba mlango wa kuingilia kutoka pembezoni haukuwezekana. RTD yenyewe iliupinga usemi huo kwa vitendo, kwani Idhaa yake ya Nje ilizipa harakati za ukombozi za kusini mwa Afrika, FRELIMO na ANC zikiwemo, saa zao hewani na watangazaji wao wenyewe. Watu wasio na nchi huru walipewa mlango wa kuingilia Dar es Salaam kwa sababu uongozi uliamini kwamba sauti yao ni ya lazima. Mlango ulipotakiwa, ulipatikana. Ileje haikuwahi kuombewa.

Hoja ya pili ni ya milima, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye vikao vya wataalamu. Masafa ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mnara wa mita 100 kwenye tambarare unaona upeo wa kilomita 41 hivi. Tunduma iko kilomita 100 hivi kutoka Mbeya mjini, na kuingia Ileje ni kuingia kwenye mabonde na vilele vinavyokatiza njia ya mawimbi. Ni kweli. Redio za nchi zilipoacha masafa ya kati, yaliyokula umeme mwingi na kutaka mitambo ya gharama, na kuhamia FM, mpaka ulipoteza zaidi kuliko miji. Lakini mlima unaeleza kwa nini mawimbi ya kwenda hayafiki. Hauelezi kwa nini hakuna ya kurudi. Mtambo wa kurudia uliowekwa juu ya kilele ili wananchi wa bondeni wasikie hulishwa na setilaiti au laini, na kwa kawaida hulishwa chanzo kimoja ambacho hakina ruta mbele yake wala studio nyuma yake. Tatizo la mawimbi kutofika likitatuliwa, mwananchi anakuwa msikilizaji kamili na kuishia hapo.

Uhamaji kutoka analojia kwenda dijitali uliliweka jambo hili wazi kuliko kipindi kingine chochote. Chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyoweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa televisheni ya analojia kwa nchi nyingi, Tanzania ilianza mapema. Dar es Salaam ilizimwa 31 Desemba 2012, na Mbeya, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Ileje, Mbozi na Momba ndani yake, ikafuata mwishoni mwa Aprili 2013. Kabla ya hapo kila televisheni ilikuwa na mtambo wake. Baada ya hapo kazi ya kurusha ilikabidhiwa kampuni tatu zenye leseni, nazo hufungasha chaneli nyingi katika masafa mamoja. Kufungasha maana yake ni kuchagua: chaneli ipi iingie, ipewe namba gani, ipewe nafasi kiasi gani ya picha. Agosti 2018 watu waliona nguvu ya uchaguzi huo, pale ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia vilipoondoa chaneli za ndani za kutazamwa bure kwa amri ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliyohusu masharti ya leseni. Hakuna mnara ulioanguka na hakuna dishi lililogeuzwa. Mabadiliko yalifanywa kwenye mitambo ya kuunganishia, na nyumba yenye dishi Tunduma ikakosa chaneli hizo jioni ileile iliyoendelea kupata mpira wa Ulaya. Sheria ilikuwa na sababu zake, na sitaki kuziingia hapa. Linalonihusu ni kwamba tukio lile liliwaonyesha watu wa kawaida mahali uamuzi unapokaa.

Kwa hiyo kusanidi ruta si kazi ya bisibisi na kebo pekee. Injinia anayeanza kwa kuwasha mtambo ameanza mwisho. Kazi huanza kwenye karatasi, kwa kuorodhesha vyanzo vyote na mahali pote vinapokwenda. Chanzo kisichoandikwa siku hiyo ya kwanza ni nadra kuingizwa baadaye, kwa sababu milango hununuliwa kwa idadi, na idadi hufuata orodha. Baada ya orodha hufuata majina. Mlango uliopewa jina kamili, wenye mahali na njia unayopitia, hutumiwa. Ulioachwa na namba ya kiwandani huogopwa na waongozaji wa zamu ya usiku, na baada ya muda husahaulika. Majina ya Songwe yana tabu ya ziada: mkoa ulizaliwa mwaka 2016 na makao yake yakawa Vwawa, lakini orodha nyingi za kazi bado zinauweka mpaka wote wa kusini magharibi chini ya neno Mbeya. Kisha hupangwa matabaka, picha peke yake na sauti peke yake, ili sauti ya mtu iweze kuchukuliwa hata picha ikishindikana. Kwa mkoa wenye laini nyembamba tabaka hilo la sauti ndilo linaloamua kama utasikika au la. Vyanzo vyote hufungwa kwenye mawimbi mamoja ya ulinganifu, na ruta husubiri mwanya mdogo kati ya picha na picha kabla ya kubadilisha, vinginevyo skrini huruka. Chanzo cha mbali kisichokuwa na kifaa cha kukilinganisha kitaruka kila kikiitwa, na mwongozaji atajifunza kutokiita. Mwisho huwekwa kufuli, ili mlango wa hewani usiguswe kwa bahati mbaya, na huwekwa utaratibu wa dharura: laini hii ikikatika, mtambo ushike chanzo gani. Katika kila hatua ya hizo kuna nafasi ya kuiacha Tunduma nje bila mtu yeyote kukusudia ubaya, na ndivyo inavyoachwa.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu kila mwenye simu janja ni kituo. Wakazi wa Tunduma hurekodi foleni ya malori na kuituma wenyewe; nani anahitaji mlango Dar es Salaam? Wana sehemu ya ukweli, na ninafurahi kwamba sauti hizo zipo. Lakini kinachotumwa kwa simu humfikia aliyeko kwenye kundi au anayemfuata mtumaji, na bando lazima lilipwe pande zote mbili. Mkulima wa Ikinga mwenye redio ya betri hayumo. Zaidi ya hapo, mtandao nao una ruta. Mitambo mipya ya televisheni, tangu viwango vya SMPTE ST 2110 vilipotolewa mwaka 2017, hupitisha picha na sauti kama data kwenye mtandao wa kompyuta. Pale palipokuwa na kebo sasa pana anwani, lakini orodha ya nani ana anwani na nani anaruhusiwa kuiita bado huandikwa na mtu.

Kilichobadilika kweli ni njia ya ardhini. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kusimamiwa na shirika la simu la taifa, TTCL, umefika Tunduma na kuvuka kuungana na Zambia, na kwa Malawi umepita Kasumulu. Mkongo hubeba pande zote mbili kwa uwezo sawa. Hii ni mara ya kwanza katika historia nzima ya utangazaji wa nchi kwamba mji wa mpakani una njia ya kutoa iliyo sawa na njia yake ya kupokea, na kisingizio cha kwamba teknolojia ni ya upande mmoja kimekwisha. Sababu ya kutoa ipo pia. Tangu Oktoba 2019, Marais Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia walipozindua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani cha Tunduma na Nakonde, mambo yanayotokea pale kila siku yanawagusa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Lusaka kwa wakati mmoja. Kuna hata suala la saa, maana Zambia na Malawi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: taarifa ya saa mbili usiku huku ni ya saa moja kule, na ratiba ya kuunganisha isiyozingatia hilo humkuta mgeni wa upande wa pili hayupo kwenye kiti.

Gharama ni hoja ya mwisho, nayo ni nyepesi kuliko inavyodaiwa. Haihitajiki studio kubwa Vwawa. Panahitajika chumba kimoja kisicho na mwangwi, kifaa cha kusimba sauti na picha kwenye mkongo, mlango wenye jina la Songwe katika ruta ya kituo cha taifa, na jaribio la kila asubuhi kama wanavyojaribiwa wengine. Panahitajika pia sauti ya kurudi iliyoondolewa sauti ya msemaji mwenyewe. Mtu anayezungumza kutoka Tunduma akirudishiwa maneno yake yakiwa yamechelewa nusu sekunde, atababaika na kunyamaza, na Dar es Salaam itahukumu kwamba laini ya mkoani haifai au kwamba mwandishi wa mkoani hajui kuzungumza. Marekebisho yake ni mstari mmoja katika usanidi: mlango wa kutokea unaokwenda Songwe ulishwe mchanganyiko wote wa studio isipokuwa kile kinachotoka Songwe. Mstari huo uandikwe siku ruta inapofungwa, kabla ya matangazo ya kwanza ya moja kwa moja.