Gari la Moshi la Rafuni: Wattaya, Bububu na Mnada wa Vichezeo

Hadi ninapoandika haya, Oman haijapata kuwa na reli ya abiria. Njia ya kuunganisha Sohar na Abu Dhabi ingali inajengwa, na mtoto aliyekulia Maskati katika miaka ya 1980 aliweza kumaliza shule bila kusikia hata mara moja mlio wa gari la moshi. Hata hivyo huko Wattaya, mtaa wa maduka ya magari ulio njiani baina ya Ruwi na Qurum, wamo wazee wanaosimulia habari za gari la moshi kana kwamba lilipita jana nyuma ya nyumba zao. Habari hizo wamezirithi kwa wazazi wao, na wazazi hao walikuwa watu wa Unguja. Wengi waliingia Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani waliokuwa ng'ambo. Walikuja na kumbukumbu ya kisiwa kilichopata kuwa na reli si mara moja, bali mara mbili.

Reli ya kwanza ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said. Alipohamishiwa Bombay baada ya uasi wake wa 1859, aliukuta mji ambao tangu 1853 ulikuwa na treni ya kwenda Thane. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akaiona nchi inayoendeshwa kwa mvuke. Miaka minne baadaye, mwaka 1879, iliwekwa reli ya maili saba hivi kutoka mjini Unguja hadi kwenye jumba lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 ikaagizwa injini ndogo ya mvuke kwa Bagnall wa Stafford. Barghash alifariki 1888, na reli yake ikafa naye.

Mara nyingi husikika, hata vyuoni, kwamba ile haikuwa reli bali kichezeo cha Sultani. Neno hilo linanikera, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Göppingen ilionyesha treni za kuchezea zenye reli za vipimo maalumu, ambazo mzazi angeweza kuziongezea kipande baada ya kipande kila mwaka. Mwaka 1901 Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya vipande vya chuma vya kuunganisha vilivyokuja kuitwa Meccano, na mwaka 1920 akaanza kutoa treni zake. Ulaya, treni ya bati ya mtoto ilihesabiwa kuwa somo: huyu atakuwa mhandisi. Unguja, injini ya chuma iliyovuta watu inahesabiwa kuwa mchezo, kwa kuwa aliyeinunua ni mtawala wa Pwani. Barghash huyohuyo alileta maji ya mifereji mjini na kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mtu anaweza kumlaumu kwa mengi, lakini si kwa kuchezacheza.

Reli ya pili ndiyo inayotajwa Wattaya. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York iliijenga kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, nayo ikaanza kazi mwaka 1905. Serikali iliinunua mwaka 1911. Treni ilipita katika mitaa myembamba ya mji, karibu mno na vibaraza, ikitema cheche. Mwaka 1922 ilikoma kuchukua abiria. Ikabaki kubeba mawe ya kazi ya bandari, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha ilikuwa imetoweka. Wapo wanaosema kwamba Bububu ilipata jina kwa mlio wa injini: bu-bu-bu. Ni hadithi tamu, lakini haisimami. Sayyida Salme alikwisha kuitaja Bububu katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli hiyo. Na bado sitaki kuitupa hadithi hii. Inaonyesha jinsi mlio wa miaka michache ulivyoingia masikioni mwa watu hata ukabadili asili ya jina la mahali.

Nimeuona mlio huo, kama mlio unaweza kuonekana, juu ya rafu ya sebule moja ya Wattaya. Mwenye nyumba ni mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua treni ndogo katika minada ya Uingereza, kwanza kwa simu, sasa kwa intaneti. Ana mabehewa ya Hornby ya bati lililochapwa rangi, ana injini ya Bing ya Nuremberg inayotiwa ufunguo kama saa, na ana kichwa cha treni cha Mamod, kampuni ya Birmingham, kinachokwenda kwa mvuke wa kweli. Hiki cha mwisho ndicho anachokiwasha wageni wanapokuja. Moto wake ni vidonge vya mafuta makavu; boila yake ni ya shaba nyeupe. Silinda haina vali: huyumba huku na huku, na kila inapoyumba tundu lake hukutana mara na njia ya mvuke unaoingia, mara na njia ya mvuke unaotoka. Nilimwuliza, "Ami, hii ni ya mwaka gani?" Akanijibu, "Mwanangu, hii ndiyo ya Bububu." Alijua vizuri kwamba imetengenezwa miaka hamsini baada ya treni ya Bububu kuondoka. Sikumsahihisha, wala hapakuwa na la kusahihisha.

Mnada wa vichezeo una sheria zake za ajabu. Katika nyumba za mnada kama Vectis ya kaskazini mwa Uingereza, injini iliyo ndani ya boksi lake la asili hupata bei kubwa kuliko ndugu yake asiye na boksi, na isiyo na mkwaruzo huwashinda wote. Maana yake ni kwamba soko humlipa vizuri zaidi mtoto ambaye hakucheza. Treni iliyopendwa, iliyoangushwa, iliyokokotwa uani hadi rangi ikatoka, huuzwa kwa fungu moja na takataka nyingine. Mzee wa Wattaya hununua hizo zilizochubuka. Husema ni kwa sababu ya bei. Mimi nadhani ni kwa sababu ya uani.

Neno mnada lenyewe lina uzito kwetu. Hadi Juni 1873, Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, watu waliuzwa mnadani Mkunazini. Silitaji hili ili kuharibu starehe ya mtu mwenye treni zake. Nalitaja kwa kuwa familia nyingi zilizohamia Maskati zina historia pande zote mbili za soko lile, na mazungumzo juu ya vitu vya zamani vya Unguja hayawezi kuchagua vitu vitamu tu.

Kitu kimoja hakimo rafuni, wala sijakiona katika orodha ya mnada wowote: mfano wa treni ya Bububu. Viwanda vya Ulaya vilitengeneza mifano ya treni za Ulaya. Bara, mambo ni tofauti kidogo. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, linahifadhi injini kubwa ya Garratt yenye jina la Mlima Gelai, moja kati ya 34 zilizotoka Manchester katikati ya miaka ya 1950. Mtu anaweza kwenda kuishika kwa mkono. Unguja hakuna cha kushika, na Beit al-Ajaib, palipokuwa na makumbusho, ilianguka sehemu mnamo Desemba 2020.

Kilichobaki ni picha, hasa kadi za posta za mwanzoni mwa karne iliyopita. Kadi hizi nazo hupigwa mnada, bega kwa bega na treni za bati, na wanaozigombea zaidi ni wapenzi wa reli wa Ulaya na Marekani ambao hawana haja na Unguja ila kwa upana wa reli yake. Siwalaumu; bila wao nyingi zingeoza. Lakini orodha za mnada ni nyaraka, nasi watafiti wa Pwani tunazipuuza kwa kuwa zina harufu ya biashara. Ndani yake mna jina la mpigapicha, muhuri wa posta, tarehe, wakati mwingine hata maneno aliyoyaandika mtumaji. Hali ya pembe za kadi hutajwa kwa uangalifu mkubwa. Waswahili waliosimama kibarazani, treni ikiwapita hatua moja kutoka magotini mwao, hawatajwi kabisa. Na baadhi ya wajukuu wao, wanaoweza kuwatambua, wanaishi Wattaya na umri wao umeshakwenda.